Soko la Kariakoo

Leo twasimulia habari za Kariakoo, Dar es Salaam. Wajerumani walijenga ukumbi pale uwe soko, mara vita vya 1914 vikazuka. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, wakawaweka humo wapagazi wa "Carrier Corps". Ulimi wetu ukatamka Kariakoo. Wengi hawakurudi makwao.

Baada ya vita ukumbi ukawa soko. Mwaka 1975 likafunguliwa soko jipya la umma, kwa ramani ya Beda Amuli, la jumla na rejareja. Liliungua mwaka 2021. Serikali ikalijenga upya.

Kwa nini gharama hiyo? Mkulima auzaye njiani hupokea bei aambiwayo. Auzaye sokoni, penye wanunuzi wengi, huijua bei. Basi jina lile latuonya: tusimsahau mbeba mzigo.