Kijiji kilichosikilizwa na adui

Ukiitafuta Montaillou kwenye ramani utapata tabu. Ni kijiji kidogo cha milima ya Pirenei, kusini mwa Ufaransa, yapata mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Kwa baridi ile mizabibu haistawi. Miaka 700 iliyopita kilikuwa na watu kama 250, wakiishi kwa ngano kidogo na kondoo wengi. Baridi ikianza, wachungaji waliwashusha kondoo hadi malisho ya Katalunya. Joto likirudi, wanapanda nao tena milimani.

Basi, kwa nini tunakijua kijiji hiki kuliko miji mingi ya zama zile? Kwa sababu kilishitakiwa.

Wengi pale walifuata imani ya Wakathari, walioamini kwamba ulimwengu huu wa vitu ni kazi ya mwovu na kwamba mapadri hawana uwezo wa kuokoa mtu. Kwa Kanisa huo ulikuwa uzushi. Mwaka 1308 wakazi wote, isipokuwa watoto wadogo, walikamatwa kwa mkupuo. Kisha akaja Jacques Fournier, Askofu wa Pamiers. Kuanzia 1318 hadi 1325 aliwahoji washukiwa mmoja mmoja, kwa subira ya kutisha. Wao walisema kwa Kioksitani, makarani wakaandika kwa Kilatini.

Mwaka 1975 Emmanuel Le Roy Ladurie alilitumia daftari hilo kuandika kitabu kuhusu Montaillou. Nilikifungua nikitarajia theolojia. Nikakuta umbea! Nani kalala na nani, nani kamkopesha nani, padri Pierre Clergue aliyewalinda wazushi huku akiwatongoza wake za watu. Nikakutana na mchungaji Pierre Maury, asiye na nyumba wala mke wa kudumu, ambaye hakuonekana kuuonea haya umaskini wake. Na wanawake wamekaa juani, wakitoana chawa na kupiga soga.

Hapo nikakifunika kitabu. Bibi yangu alikuwa akinikalisha kati ya magoti yake, anapekua nywele zangu huku akisimulia ya kijiji kizima. Nilikuwa nasinzia. Leo siwezi kukuambia hata hadithi moja mpaka mwisho wake.

Hilo ndilo linaloniuma. Sikio lililowasikiliza maskini wa Montaillou kwa makini kuliko yote lilikuwa la mtu aliyetaka kuwahukumu. Maury alifungwa mwaka 1324, na ushahidi wake aliutoa akiwa mikononi mwa mahakama. Fournier naye akapanda cheo. Mwaka 1334 akawa Papa Benedikto XII. Daftari lake bado limo katika Maktaba ya Vatikani. Tusijidanganye kwamba lilitunzwa kwa mapenzi ya wachungaji wale.

Kwa hiyo tunalisoma kwa tahadhari: mtu anayeogopa kifungo huficha, hupunguza, humtaja jirani ili ajinusuru. Lakini tunalisoma, maana hatuna jingine.

Bibi yangu hakushitakiwa na mtu, namshukuru Mungu. Wala hakuandikwa. Kama wako yungali hai, mwandishi usimsubiri askofu. Kaa kati ya magoti yake, na safari hii usisinzie.