Jiwe la Shinkolobwe na mishipa ya mama mukubwa

Bandugu, mimi ni mtu wa mashamba, si munganga. Najua mahindi na udongo. Lakini mama mukubwa wangu alipona kansa ya titi miaka sita iliyopita, na tangu mwaka jana akipanda ngazi tatu tu za mlango anashika ukuta, anatafuta pumzi. Njo nikaanza kusoma. Na kusoma kukanirudisha hapa hapa Katanga.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Sharp, alikuta uraniamu kule Shinkolobwe, karibu na Likasi. Ndani ya mawe hayo mna radiamu, kidogo sana, ile ambayo Marie na Pierre Curie waliigundua mwaka 1898. Kuanzia 1922 Union Minière ilisafisha mawe yetu kwenye kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na bei ya radiamu ikashuka mpaka wazalishaji wa Marekani wakaacha. Kwa miaka kama kumi hivi, hadi Canada ilipoingia sokoni, Wabeljiji ndio walioshika biashara hiyo ya dunia. Waganga waliiweka ndani ya sindano ndogo, wakazichomeka kwenye uvimbe. Tukisikia Shinkolobwe sisi wote tunasema Hiroshima, na ni kweli, lakini zaidi ya miaka 20 kabla ya bomu jiwe lile lilikuwa dawa.

Swali la waganga lilikuwa moja: uvimbe umekwisha ao haujakwisha? Mishipa ya damu iliyokuwa karibu ilisahaulika kwa muda mrefu. Mionzi inaumiza utando mwembamba unaofunika mshipa kwa ndani, na miaka ikipita mshipa unakuwa mgumu, njia inakuwa ndogo. Mwaka 2013 watafiti walichapisha hesabu za wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark waliotibiwa titi kwa mionzi: kila grei moja iliyofika moyoni iliongeza hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Mashine za leo zinalenga vizuri zaidi. Ila kuna pia ile dawa nyekundu, doksorubisini, inayotoka kwa bakteria wa udongo (hapo nilicheka peke yangu: udongo tena!), nayo ikizidi inachosha moyo.

Utando ule una kazi yake. Damu ikienda kwa nguvu inausugua, nao unatoa oksidi ya nitriki, na mshipa unalegea, unapanuka. Wanasayansi watatu walipewa Nobel mwaka 1998 juu ya jambo hilo. Nitrojeni ile ile tunayoililia shambani! Mtu akikaa siku nzima, utando nao unakaa.

Na mgonjwa wa kansa aliambiwa akae. Miaka ya 1980 muuguzi Mmarekani, Maryl Winningham, alithubutu kuwapandisha wanawake wenye kansa ya titi kwenye baiskeli ya mazoezi, wakiwa bado wanatumia dawa. Iliwashangaza wengi. Mwaka 2010 jopo la wataalamu wa Marekani likatamka kwamba mazoezi ni salama wakati wa matibabu na baada yake, na mgonjwa asikae bure. Yako pia majaribio yaliyobana mshipa wa mkono, yakauachia, yakapima unavyopanuka: kwa waliopona na kufanya mazoezi ulipanuka vizuri zaidi. Ni majaribio madogo, lakini yote hayo hayahitaji jiwe la mtu wala mashine ya mamilioni.

Nilimpeleka kwanza akapimwe moyo. Munganga akasema atembee, aanze polepole. Majirani wakakataa. Mmoja akaniuliza kama ninataka kumuua mama wa watu. Mwenyewe akasema: “Mwanangu, nilivuka Kasumbalesa na ugonjwa, nikarudia muzima. Sasa unataka nikimbie kama Mazembe?”

Nikamwambia hapana, twende tu mpaka sokoni Katuba, asubuhi, jua halijawaka.

Wiki ya kwanza alisimama njiani mara inne. Jana alisimama mara mbili, na ya pili ilikuwa juu ya kubishana bei ya matembele.