Injini za Győr: Hungaria na biashara ya magari baada ya 1989

Chini ya Comecon, jumuiya ya kiuchumi iliyoongozwa na Moscow, Hungaria ilipangiwa kuunda mabasi. Ikarus zake zilienea katika nchi za kisoshalisti, na magari madogo, Lada na Trabant, yakaagizwa kutoka kwa washirika.

Mpango huo ulikufa pamoja na Comecon mwaka 1991. Desemba mwaka huohuo Hungaria ilitia saini mkataba wa ushirika na Jumuiya ya Ulaya, na ushuru wa bidhaa za viwandani ukaanza kupunguzwa hatua kwa hatua. Ushuru peke yake, hata hivyo, hauelezi mengi. Mtaji wa kigeni ndio uliobadili sura ya biashara. Mwaka 1993 Audi ilianzisha kampuni tanzu mjini Győr, kati ya Vienna na Budapest, penye mafundi stadi waliolipwa sehemu ndogo tu ya ujira wa Wajerumani. Mwaka uliofuata injini zikaanza kutoka. Kuanzia 1998, mabodi ya Audi TT yaliyopakwa rangi Ingolstadt yalipelekwa Győr kwa treni, yakaunganishwa, na magari kamili yakarudi Ujerumani.

Takwimu za forodha zikaonyesha bidhaa za sekta ileile zikiingia na kutoka. Wanauchumi huitofautisha biashara hii na ile ya Ufaransa na Ujerumani, ambako mnunuzi huchagua kati ya Peugeot na Volkswagen zinazokaribiana kwa ubora. Ya Hungaria ilitokana zaidi na kugawana hatua za uzalishaji, na iliyoisukuma ni tofauti ya ujira. Hungaria ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, ukaguzi wa forodha kati yake na Ujerumani ulikoma.