Sekunde za Chumba cha Giza: Kutoka Jua la Pwani hadi Taima ya Nyumbani Kibiti

Mabaharia wa manowari ya Kijerumani Königsberg walipoizamisha meli yao wenyewe katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, baada ya mizinga ya meli za kivita za Uingereza, Severn na Mersey, kuilemea, meli hiyo ilikuwa imekwisha kupigwa picha kutoka angani. Ndege za jeshi la majini la Uingereza zilizokuwa zikiruka kutoka visiwa vya jirani, Nyororo na Mafia, ziliikuta imejibanza kwenye mikoko, zikarudi na sura yake. Kazi haikuwa nyepesi. Joto lililegeza gundi iliyoshika mbao za ndege, na baadhi yake zilishindwa kupanda juu vya kutosha. Joto hilohilo ndilo linalolainisha gelatini, ule utando unaobeba chembe za fedha kwenye mkanda na kwenye karatasi ya picha. Kwa hiyo anayetaka kujenga chumba cha giza cha kutolea picha nyumbani Kibiti, wilaya yenye delta hiyo, leo haanzi jambo geni. Anaingia katika kazi ambayo delta hii imeijua kwa zaidi ya miaka mia moja, pamoja na shida zake.

Swali ambalo wengi huanza nalo wakishapata mashine ya kukuzia picha ni hili: ninunue taima gani? Ni swali zuri, lakini historia ya upigaji picha kwenye pwani yetu inaonyesha kwamba lina swali jingine nyuma yake. Taima hupima muda. Karatasi ya picha haijui muda, inajua mwanga tu. Muda na mwanga huenda pamoja pale tu ambapo taa haibadiliki, na hapo ndipo mambo ya Kibiti yanapotofautiana na yale yanayosemwa katika vitabu vya Ulaya.

Picha za kwanza za Zanzibar zinazojulikana zilipigwa katika safari ya Mfaransa Charles Guillain miaka ya 1840, kwenye mabamba ya shaba yaliyopakwa fedha, yasiyoweza kutoa nakala. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga nyingine hapohapo Unguja kabla ya kuelekea bara na mpelelezi mwenzake Speke. Baadaye zikaja studio za kudumu, ikiwemo ile ya familia ya Gomes, iliyouza picha za mji kwa wasafiri. Katika zama hizo, kutoa picha kwenye karatasi hakukuhitaji taa wala saa. Kioo cha negativi kilibanwa juu ya karatasi ndani ya fremu, fremu ikatolewa juani. Fundi alifungua nusu ya mgongo wake, akatazama rangi imefikia wapi, akafunga tena. Wingu likipita, alisubiri. Naiheshimu sana njia hiyo, kwa sababu jicho lake lilikuwa likipima kitu chenyewe, yaani mwanga uliokwisha kuingia. Kasoro yake ni kwamba picha haikuweza kuzidi ukubwa wa kioo.

Saa iliingia kwa mlango wa kemia. Karatasi ya Velox, ambayo Leo Baekeland aliitoa mwaka 1893, ilikuwa na wepesi wa kutosha kuangaziwa kwa taa, ila picha haikuonekana mpaka itumbukizwe kwenye dawa. Fundi akawa hana tena cha kutazama wakati mwanga unaingia, ikabidi ahesabu. Kisha mwaka 1925 kamera ya Leica ikaingia sokoni na negativi yake ya milimita 24 kwa 36, ndogo mno kutazamwa bila kukuzwa. Umeme nao ulikuwa ukisogea. Dar es Salaam ilianza kuupata mwaka 1908, na mwaka 1931 zikaanzishwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO, zilizounganishwa mwaka 1964. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Unguja mwaka 1930. Parekh alifungua yake Mombasa mwaka 1942. Lamu, Omar Said Bakor akajulikana kwa picha za kuunganisha, uso wa mtu ukichomoza ndani ya ua au moyo. Anayetaka kuunganisha negativi mbili juu ya karatasi moja anajua jinsi kazi hiyo inavyodai muda: kila sehemu ina sekunde zake, na ukikosea moja unatupa karatasi nzima.

Ndiyo maana taima zilitengenezwa. Iliyoenea kuliko zote labda ni GraLab 300 ya Marekani, saa kubwa ya ukutani yenye mishale inayong'aa gizani, inayohesabu hadi dakika 60 na kuzima taa yenyewe. Ni chombo imara, na hadi leo ndugu walioko Marekani huweza kukipata kwa bei nafuu na kukituma nyumbani. Hapa nataka msomaji asikilize vizuri. Mota ya saa hiyo hufuata mapigo ya umeme. Marekani umeme hupiga mara 60 kwa sekunde, Tanzania mara 50. Transfoma itashusha volti kutoka 230, lakini haitagusa mapigo. Saa itakwenda polepole: sekunde 10 za mshale zitakuwa sekunde 12 za kweli. Kwenye kutoa picha hilo halina madhara, maana kosa ni lilelile kila mara na majaribio yako yatalimeza. Kwenye kusafisha mkanda ni balaa, kwa sababu dakika 6 ulizoelekezwa zitakuwa dakika 7 na sekunde 12. Aina ya mapigo 50 ipo, itafute hiyo.

Jambo kubwa zaidi ni volti. Taa ya waya wa tangsteni haipungui mwanga sawasawa na volti. Volti zikishuka asilimia 10, mwanga hushuka kwa takriban asilimia 30. Jirani akiwasha mashine ya kusaga, picha yako inatoka imefifia, na taima imefanya kazi yake bila kosa hata moja. Mto Rufiji wenyewe sasa unazungusha mitambo 9 ya bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Lakini wingi wa umeme bwawani hauondoi mtikisiko kwenye waya wa mwisho unaoingia nyumbani. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende kwenye stabilaiza, au kwenye taa ya LED yenye kidhibiti chake. Vijijini ndani ya delta, penye sola, inveta nzuri huweza kuwa tulivu kuliko laini ya mtaani.

Baada ya hapo chagua taima ya kielektroniki yenye tarakimu nyekundu, kwani karatasi nyingi za picha nyeusi na nyeupe hazisumbuliwi na nyekundu. Tarakimu za buluu au kijani ziogope. Iwe na swichi ya mguu, mikono ibaki huru kukinga sehemu za picha. Iwe na uwezo wa kupanda kwa uwiano badala ya kuongeza sekunde kwa usawa: 8, 11, 16, 22. Ukijaribu kwa 5, 10, 15, 20, hatua ya kwanza ni maradufu na ya mwisho ni theluthi tu, nawe hujifunzi kitu. Mpiga picha wa Marekani Ansel Adams, aliyesomea piano kabla ya kamera, alipenda kuhesabu kwa mapigo ya metronomu, na simu yoyote leo inaweza kupiga mapigo hayo ikiwa imefunikwa kioo chake.

Usisahau joto. Maelekezo mengi ya dawa huandikwa kwa nyuzi joto 20, na maji ya bomba Kibiti huzidi hapo kwa mbali. Barafu ileile inayohifadhi kamba wa delta wakisubiri gari pale Nyamisati inafaa kupoza beseni la dawa. Panga mwangaza wa sekunde 15 hadi 30 kwa kufunga lenzi kidogo, si sekunde 3, ili mtikisiko mfupi wa umeme uwe sehemu ndogo ya muda wote.