Ndege Waliorudishwa na Vita

Asubuhi za mwezi Aprili katika pwani ya mashariki ya Uingereza huanza kwa baridi kali. Hata hivyo, jua likichomoza tu, vibanda vya mbao vya hifadhi ya Minsmere, katika jimbo la Suffolk, huanza kupata wageni. Huketi kimya, darubini machoni, wakichungulia madimbwi kupitia matundu membamba ukutani. Wengi humtafuta avoseti: ndege mweupe mwenye mabaka meusi, miguu mirefu, na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu mfano wa ncha ya jambia.

Kwa karibu miaka mia moja ndege huyu alikuwa amepoteza makazi yake ya kudumu ya kuzalia nchini humo. Katika karne ya 19 mabwawa yalikaushwa ili yawe mashamba na malisho. Wawindaji walimpiga risasi, na wakusanyaji walichukua mayai yake.

Aliyemrudisha hakuwa mpenzi wa ndege, bali hofu. Mwaka 1940, baada ya Ufaransa kushindwa, Waingereza walihofia kwamba majeshi ya Ujerumani yangeteremka katika pwani hiyo. Malisho ya Minsmere yakafurikishwa maji kwa makusudi ili yawe kizuizi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, yalikuwa yamebaki matete na madimbwi. Mwaka 1947 jozi nne za avoseti zikataga mayai hapo, na nyingine zikataga katika kisiwa cha Havergate, kusini kidogo ya Minsmere. Chama cha Kifalme cha Kulinda Ndege kikaweka walinzi, na habari ikafanywa siri kwa kuhofia wezi wa mayai.

Lakini mwaka huo huo wa 1947 lilifanyika jambo jingine. Uingereza ilikuwa na upungufu wa chakula. Mkate, ambao haukuwahi kugawiwa kwa kadi wakati wa vita, ulikuwa ukigawiwa hivyo tangu mwaka 1946. Bunge likapitisha Sheria ya Kilimo iliyowahakikishia wakulima bei ya mazao makuu. Kila pembe ya ardhi ikawa na thamani. Katika miaka iliyofuata nyua za miti mipakani mwa mashamba ziling'olewa, mabwawa zaidi yakakaushwa, na dawa za kuua wadudu zikaenea.

Kuanzia miaka ya 1970, wakulima wengi waliacha kupanda ngano majira ya kuchipua wakaipanda majira ya vuli. Mavuno yaliongezeka. Aliyeumia ni kipozamataza, ndege mdogo wa kahawia ambaye hupaa juu sana huku akiimba. Yeye hujenga kiota chini, penye majani mafupi. Siku hizi, msimu wake wa kuzaa ukiwa katikati, ngano imekwisha kuwa ndefu na kusongamana. Idadi yake imepungua kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1970.

Basi vita vilimrudisha ndege wa bwawani, na amani ikampunguza ndege wa shambani. Tusiwe wepesi wa kumlaumu mkulima. Alifanya kile alichoombwa na taifa lenye uhitaji.

Yapo mambo yanayotia moyo. Bert Axell, aliyeanza kuisimamia Minsmere mwaka 1959, alichimba madimbwi ya kina kifupi yenye visiwa vidogo, na mfano wake ukaigwa kwingineko. Leo zaidi ya jozi 1,500 za avoseti huzaa nchini humo. Mashambani nako, baadhi ya wakulima huacha vipande vidogo bila mbegu katikati ya ngano, viwili kwa hekta, ili kipozamataza apate pa kutua na kutafutia chakula. Hasara ya mavuno ni ndogo sana.

Nasi tulio mbali tunahusika. Mbayuwayu mmoja aliyevishwa pete mguuni huko Staffordshire mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912. Kila mwaka wenzake huvuka Afrika wakienda na kurudi. Ukiwaona, msikilizaji, wakipita juu ya shamba au bwawa la kwenu, jua kwamba huenda yupo mtu Suffolk anayewasubiri kwa darubini.