Masurufu ya Hija: Maji, Kivuli na Tawakkul

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Sahaba zake.

Bado wapo Waislamu wanaodhani kuwa anayejitayarisha sana kwa safari ya Hija ana upungufu wa tawakkul. Dhana hii si ngeni. Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda kuhiji bila masurufu, wakijiita wenye kumtegemea Allah. Walipofika Makka wakawaomba watu. Ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara, inayoamrisha kuchukua masurufu na kubainisha kuwa yaliyo bora ni uchamungu. Uchamungu haukuja kufuta kiriba cha maji, bali ni pamoja na kukibeba ili usiwe mzigo kwa wengine.

Historia ya njia za Hija ni historia ya maji. Kutoka Kufa hadi Makka ni zaidi ya kilomita 1,400 za jangwa. Njia hiyo imeitwa Darb Zubayda, kwa jina la Zubayda, mke wa Khalifa Harun al-Rashid, aliyetoa mali nyingi kujenga visima na mabirika kwa ajili ya mahujaji.

Ibn Battuta, aliyehiji na msafara wa Sham mwaka 726 H (1326), ameeleza jinsi msafara ulivyopumzika Tabuk siku kadhaa kunywesha ngamia na kujaza maji kabla ya kuingia nyika ya kuelekea al-Ula. Katika nyika hiyo alipita bonde la al-Ukhaydir. Mwaka mmoja wa nyuma, upepo wa samum ulikausha maji ya mahujaji, hata bei ya maji ya kunywa mara moja ikafika dinari 1,000. Aliyeuza na aliyenunua wote wakafa. Anasema kisa hicho kiliandikwa kwenye mwamba bondeni humo.

Mafakihi hawakuyapuuza mambo kama haya. Katika madhehebu ya Imam Shafi, miongoni mwa masharti ya uwezo wa kuhiji ni njia kuwa ya amani, na maji na chakula kupatikana vituoni kwa bei ya kawaida. Yakikosekana, Hija haijawa wajibu kwa wakati huo. Aidha, msafiri mwenye maji kidogo anayehofia kiu hutayamamu, akayaweka maji yake ya kunywa.

Ama kivuli, Imam Muslim amepokea kutoka kwa Ummul Husayn (r.a.) kwamba katika Hija ya Kuaga, mwaka 10 H, alimuona Bilal na Usama (r.a.), mmoja ameshika hatamu ya ngamia wa Mtume (s.a.w.) na mwingine ameinua nguo kumkinga na joto, mpaka alipotupa mawe Jamratul Aqaba. Kwa hadithi hii wanazuoni wengi wamejuzisha mwavuli kwa aliyehirimia. Kilichokatazwa kwa mwanamume ni kufunika kichwa kwa kitu kinachokigusa, kama kofia au kilemba.

Joto la Makka halijapungua. Katika Hija ya mwaka 1445 H (2024), kipimo kilifika nyuzi 51.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301. Asilimia 83 yao walikuwa wamekwenda bila kibali, wakatembea masafa marefu juani bila hema wala pa kupumzikia.

Basi ndugu yangu unayenuia kuhiji, tia katika mzigo wako mwavuli, chupa ya maji, makubadhi yaliyokwisha kuzoea miguu yako, dawa zako, na mafuta ya kukinga ngozi yasiyo na manukato. Fuata njia ya kibali, yenye hema na maji. Nanyi maimamu, yafundisheni haya pamoja na talbiya na tawafu, kwani kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia.

Allah atujaalie Hija yenye kukubaliwa, na awarehemu waliofia njiani. Amin.