Carlota Ciganda na Saa ya Mwamuzi

Mji wa Pamplona, kaskazini mwa Uhispania, unajulikana duniani kwa jambo moja: kila Julai, katika sikukuu ya San Fermín, fahali hufunguliwa mitaani na vijana hukimbia mbele yao. Mwenyeji akiulizwa fahari nyingine ya mji wake, ataitaja klabu ya soka ya Osasuna. Gofu hata haimjii. Gofu ya Uhispania watu huihusisha na kusini, pwani ya Málaga, kwenye jua la mwaka mzima na watalii kutoka Uingereza na Skandinavia. Navarra, mkoa wa Pamplona, ni nchi ya mvua na ukungu, na kiwanja chake mashuhuri, Ulzama, kimetengenezwa ndani ya msitu wa mialoni. Hata hivyo, mwaka 2014, Uhispania ilipotwaa kombe la kwanza la International Crown, mashindano ya timu za mataifa, huko Maryland, Marekani, wanawake wawili kati ya wanne wa timu hiyo walikuwa wazaliwa wa Pamplona: Beatriz Recari na Carlota Ciganda.

Ciganda alizaliwa tarehe 1 Juni 1990, katika ukoo wa soka. José Ángel Ziganda, ambaye mashabiki wanamwita Cuco, ni ami yake. Aliichezea Osasuna na Athletic Bilbao, kisha akazifundisha zote mbili. Mtoto wa nyumba kama hiyo hajifunzi ushindani vitabuni. Tena kaskazini hiyo ya mvua ilikuwa imekwisha kutoa mabingwa. Seve Ballesteros alitokea kijiji cha Pedreña, ambako alijifunza kupiga mpira ufukweni kwa fimbo moja, na José María Olazábal, mtoto wa mtunza nyasi, alikulia Hondarribia, si mbali sana na Pamplona. Kwa wanawake, njia ilifunguliwa na Marta Figueras-Dotti wa Madrid. Mwaka 1982 alishinda British Open ya wanawake akiwa bado mchezaji wa ridhaa, na mwaka 1994, huko Hawaii, akawa Mhispania wa kwanza kushinda shindano la LPGA, ligi kuu ya wanawake ya Marekani.

Ciganda hakuchelewa kujulikana. Mwaka 2007, akiwa na miaka 17, alitwaa ubingwa wa ridhaa wa wanawake wa Uingereza. Katika fainali alimshinda Msweden Anna Nordqvist, ambaye miaka michache baadaye angeanza kukusanya mataji makubwa ya dunia. Kisha akavuka bahari kwenda Chuo Kikuu cha Arizona State, ambako Azahara Muñoz wa Málaga alikuwa ametangulia, na mwaka 2009 chuo hicho kikawa bingwa wa vyuo vya Marekani.

Mwaka wake wa kwanza kamili wa gofu ya kulipwa barani Ulaya ulikuwa 2012, na aliuanza kama mtu mwenye deni la kulipa. Alishinda Uholanzi, akashinda China, na msimu ulipofungwa jina lake lilikuwa juu kabisa katika orodha ya mapato, huku akibeba pia tuzo ya mchezaji mgeni bora. Laura Davies wa Uingereza aliwahi kuzipata zote mbili mwaka 1985. Msomaji wa Kilifi huenda anaukumbuka mfano wa karibu zaidi: Desemba 2019, katika uwanja wa Vipingo Ridge, Mjerumani Esther Henseleit alishinda Kenya Ladies Open na siku hiyohiyo akajipatia tuzo hizo mbili za ligi ileile ya Ulaya.

Kuanzia hapo hadithi ya Ciganda inataka msomaji ajue kwamba gofu ina michezo miwili ndani yake. Katika mashindano ya kila wiki, mikwaju yote ya siku tatu au nne hujumlishwa, na mwenye mikwaju michache ndiye mshindi. Kosa la Alhamisi asubuhi unalibeba mpaka Jumapili jioni. Lakini upo mchezo wa ana kwa ana, ambao kila shimo ni pambano lake: ukilipoteza, umepoteza hilo tu, na kwenye shimo linalofuata mnaanza upya. Solheim Cup, ambamo kila baada ya miaka miwili wanawake wa Ulaya hupambana na wa Marekani, huchezwa kwa mtindo huu, na hakuna zawadi ya pesa. Kwa maoni yangu Ciganda ameumbwa kwa mchezo huu wa pili. Hupiga mbali, hushambulia bendera pale ambapo mwingine angejilinda, na shimo likimwendea vibaya halimfuati.

Aliitwa kwa mara ya kwanza Agosti 2013, katika uwanja wa Colorado Golf Club. Siku ya kwanza mchana alipangwa na Suzann Pettersen wa Norway dhidi ya Stacy Lewis na Lexi Thompson. Kwenye shimo la 15 Ciganda akaupeleka mpira kwenye eneo la hatari, vichakani. Kanuni inampa mchezaji nafasi ya kuuokota mpira na kuudondosha mahali pengine kwa adhabu ya pigo moja. Swali lilikuwa ni mahali gani hasa. Mwamuzi mmoja akaja, kisha akaitwa pia wa pili. Watu wakasimama, wakaelekezana kwa mikono, wakapima. Karibu nusu saa ikapita, na waliokuwa nyuma yao wakawa wanangoja. Mwishowe Ciganda aliruhusiwa kuudondosha mpira nyuma zaidi ya kanuni ilivyoruhusu, akapiga, kisha akautumbukiza shimoni kwa pigo refu la taratibu na kuliokoa shimo lile. Lewis alikasirika na hakuficha. Pettersen na Ciganda wakashinda kwa shimo moja, na baada ya mechi waamuzi wakakiri kwamba wamekosea. Kwa kuwa aliyekosea ni mwamuzi na si mchezaji, matokeo yalibaki vilevile. Jumapili Ulaya ikamaliza kwa pointi 18 dhidi ya 10, ushindi wake wa kwanza katika ardhi ya Marekani. Katika kelele zile ni rahisi kusahau kwamba msichana wa miaka 23, aliyesimamishwa dakika zote zile mbele ya umati wa wenyeji, ndiye aliyelazimika kupiga pigo lile la mwisho.

Mwaka 2016 ulikuja haraka na kupita haraka. Oktoba alishinda Incheon, Korea Kusini, baada ya shimo la ziada dhidi ya Mmarekani Alison Lee. Hilo likawa taji lake la kwanza la LPGA. Novemba akaongeza la pili Mexico, katika shindano la Lorena Ochoa Invitational. Wengi waliamini mlango umefunguka.

Haukufunguka. Msimu ukaisha, ukaja mwingine. Aliendelea kupata pesa na kuitwa Solheim. Mwaka 2019, katika uwanja wa Gleneagles, Uskoti, alikuwemo Ulaya ilipolichukua kombe, na mwaka 2021 akawemo tena lilipotetewa Ohio. Alishinda Ulaya pia, na hata Open ya Uhispania, mwaka 2021 huko Marbella. Lakini katika LPGA hakushinda, na badala yake akaanza kufuatwa na lawama nyingine: kwamba ni mzito wa kupiga.

Kundi la wachezaji likiachwa nyuma na walio mbele, mwamuzi huja na saa. Kila pigo limepewa takriban sekunde 30. Mei 2021, katika mashindano ya ana kwa ana huko Shadow Creek, Las Vegas, Ciganda alilichukua shimo la 18 na kudhani amemfunga Sarah Schmelzel. Kumbe alikuwa anapimwa. Akanyang'anywa shimo lile kwa uchelewaji, na mechi ikawa sare. (Mwaka 2012 ilikuwa kinyume: Muñoz alinufaika na adhabu ya aina hiyohiyo dhidi ya Morgan Pressel katika nusu fainali, akaenda kutwaa taji.) Julai 2023, Évian, Ufaransa, mambo yakawa mabaya zaidi. Mwishoni mwa raundi ya pili aliongezewa mikwaju miwili kwa kuchelewa. Alikata rufaa, ikakataliwa. Alipofika kusaini kadi yake hakuiandika adhabu ile. Katika gofu, kusaini kadi iliyopungua mikwaju hakuna msamaha: akaondolewa mashindanoni. Waliomtetea walisema saa haikumtendea haki. Mimi nadhani alikuwa na haki ya kulalamika, na hakuwa na haki ya kuiacha kadi ile ilivyokuwa. Mwamuzi akishaamua, kadi haibishani naye.

Miezi miwili baadaye Solheim Cup ikaja Uhispania kwa mara ya kwanza, katika uwanja wa Finca Cortesín, Casares, kwenye vilima vya Málaga. Nahodha alikuwa Pettersen, yuleyule wa Colorado, na Ciganda alikuwa Mhispania pekee katika timu. Ijumaa asubuhi Pettersen alimweka nje. Wenyeji waliokuja kumwona waliishia kuona Marekani ikishinda mechi zote nne. Mchana akaingia na Linn Grant wa Sweden, wakashinda. Hakupoteza mechi hata moja wiki ile. Jumamosi jioni timu zilikuwa zimefungana 8 kwa 8.

Jumapili Mfalme Felipe VI alikuja kutazama. Ulaya, ikiwa bingwa mtetezi, ilihitaji pointi 14 tu kubaki na kombe, na pointi hiyo ya mwisho ikaangukia mikononi mwa Ciganda dhidi ya Nelly Korda, mmoja wa wachezaji bora kabisa duniani. Kwenye shimo la 16 aliuweka mpira karibu na bendera na akaongoza. Kwenye la 17 akaurudia mwendo uleule. Mpira ukatua karibu kiasi kwamba umati ulishangilia kabla hajafika. Mechi nne, ushindi wa nne, na kombe likabaki Ulaya kwa sare ya 14 kwa 14.

Taji la LPGA alilisubiri karibu miaka miwili mingine. Juni 2025, akiwa na miaka 35, aliingia siku ya mwisho ya Meijer LPGA Classic huko Belmont, Michigan, akiwa miongoni mwa wenye nafasi. Yakiwa yamebaki mashimo mawili, alihitaji kuokoa pigo moja katika kila moja, na aliokoa yote mawili, la 17 na la 18. Alimaliza kwa pigo moja pungufu ya Mkorea Choi Hye-jin, miaka minane na miezi saba tangu Mexico.